Uliza Namba Yote, Sio i7 Tu

Wiki hii nimepata meseji saba, na sita kati yazo ni swali moja limevaa nguo tofauti: "Buda, niko na ngiri thelathini. Nichukue i5 ama i7?" Ya saba ilikuwa ya msee akiniambia ninyoe. Hiyo tutaijadili siku nyingine.

Nilianza kujibu mmoja mmoja, nikachoka kwa wa tatu. Kwa hivyo hii hapa ni ya wote. Itakuwa ndefu kidogo, na itaanza na aibu yangu, kwa sababu hilo swali nililiuliza mimi pia, nikajibiwa, nikalipa, na hasara ikafika hadi kwa chama cha mathe.

Ilikuwa Januari 2024. Niko mwaka wa pili, nimeanza kushika vijikazi vya kuhariri video: bathdei za watoto, ruracio, na msanii mmoja wa mtaa ambaye mpaka leo namdai. Kazi zote nilikuwa nazifanya kwa laptopu ya kuazima, na mwenyewe akiitaka unafunga kila kitu ulichokuwa umefikia. Nikaweka akiba polepole hadi nikafika Sh13,000. Mathe akaongeza Sh15,000. Sio ati alikuwa nazo. Alizikopa kwa chama chao, za kulipa kwa miezi kumi na riba juu. Yeye huuza nguo za watoto za mitumba pale Gikomba, na mnajua Januari huwa vipi: pesa za wazazi zote zimeenda karo, hakuna anayenunua sweta.

Aliniuliza swali moja tu. "Na hiyo ni nzuri?"

Nikamwambia, "Mum, hii ni i7. Ni ya juu kabisa."

Duka lenyewe lilikuwa ghorofani, kwenye moja ya yale majumba ya karibu na Moi Avenue yenye vibanda vimegawanywa kwa vioo hadi hujui duka la nani linaishia wapi. Chini ni kava za simu na chaja, juu ni laptopu za ex-UK, zile zilizotumika ofisini miaka kadhaa ng'ambo, zikauzwa kwa jumla, zikaletwa huku. Muuzaji akaniwekea mbili kando kwa kando. Moja ina stika ya i5, Sh31,000. Nyingine ina stika ya i7, Sh28,000. Zote RAM 8GB, zote SSD ya 256GB, zote zikafungua Chrome kabla sijamaliza kupepesa macho. Nikauliza, "Sasa mbona i7 ndiyo bei ya chini?" Akasema, "Hiyo leo iko na ofa." Nikaona Mungu amenikumbuka.

Wacha nimtendee haki huyo muuzaji. Ukitoa hiyo hadithi ya ofa, hakunidanganya. Ile laptopu ilikuwa i7 kweli. Mimi ndiye sikuuliza i7 gani.

Miezi ya kwanza sikuona shida. Kuandika, kuangalia filamu, Zoom, hata video fupi za dakika moja, yote sawa. Kisha Agosti nikapata kazi ya ruracio, malipo Sh6,000, video ya dakika kama 25, mwenyewe anaitaka Jumamosi asubuhi kwa sababu kuna mjomba anasafiri jioni na lazima aende nayo. Ijumaa saa nne usiku nikabonyeza ile kitufe ya kutoa video nikalala kidogo kando yake. Feni ilikuwa inalia kama matatu inapanda mlima na gia ya pili. Saa tisa nikaamka kwa sababu ya kimya. Laptopu ilikuwa imejizima. Nikaishika chini: ungepiga pasi nayo.

Nikaiwasha, nikaanza upya, nikaiwekea feni ya nyumba pembeni. Ikaenda polepole hadi nikaanza kuongea nayo. Jumamosi asubuhi ilikuwa asilimia 58. Mjomba akasafiri bila video. Nikalipwa Sh3,000, na sikubishana. Mwezi huo sikuwa na pesa ya kumpa mathe ya chama, akatoa kwa zile za kununulia mzigo. Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Kitu cha kwanza nilichofikiria ni kwamba laptopu ni mbovu. Nikaipeleka kwa fundi wa mtaa, akaifungua mbele yangu kwa Sh800. Kati ya feni na zile mbavu za shaba kulikuwa na vumbi limeshikana likawa kama blanketi. Na ile pesti ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na chuma cha kuipooza ilikuwa imekauka kama ugali uliosahaulika kwa sufuria. Pesti hiyo kazi yake ni kubeba joto kutoka kwa prosesa hadi kwa chuma; ikikauka joto linabaki palepale. Akasafisha, akapaka nyingine. Kabla ya hapo nilikuwa nimeweka programu ya HWiNFO na nilikuwa naona nyuzi 97, 98, nikianza kazi nzito. Baada ya fundi ikawa inacheza 81, 82. Haikujizima tena.

Lakini ilibaki polepole vilevile. Karibu vilevile, tuseme. Na hapo ndipo nilianza kuelewa kwamba nilikuwa nachanganya magonjwa mawili. Joto lilikuwa moja, na lilitibika kwa Sh800. Uvivu ulikuwa mwingine, na huo alizaliwa nao.

Desemba nikaenda Mombasa kwa binamu yangu, anaishi Kisauni. Yeye yuko na laptopu ya i5. Nilikuwa nishaanza kumcheka, unajua, kwa upole wa kifamilia, "Bro, bado uko kwa i5?" Akaniambia tuweke mashindano. Mradi mmoja wa video, dakika kumi, 1080p, programu ya Shotcut kwa zote mbili, na tukazima ule usaidizi wa kadi ya picha ili prosesa yenyewe ibebe mzigo. RAM sawa, 8GB kwa 8GB. Meza moja, chaja zote ndani, feni moja ya dari. Simu ikawa saa.

Yake: dakika 18. Yangu: dakika 31.

Nilirudia kesho yake asubuhi nikidhani labda yangu ilikuwa imechoka. Ilikuwa 30.

Ndipo nikafanya kitu ambacho ningefanya Januari pale dukani kabla sijatoa simu kulipa. Nikafungua mahali Windows huandika jina kamili la prosesa. Yangu: i7-6600U. Yake: i5-8250U. Nikaenda kwa tovuti ya Intel yenyewe, nikasoma kurasa mbili kando kwa kando, na nikahisi vile mtu huhisi akipata risiti ya kitu alichopunjwa.

Sikiza. Hiyo namba baada ya kistari ndiyo habari yenyewe. Kwa yangu, tarakimu ya kwanza ni 6: kizazi cha sita, mwaka 2015. Yake ni 8: kizazi cha nane, mwaka 2017. Ile U mwisho, zote wanayo, maana yake ni prosesa ya laptopu nyembamba, iliyopangiwa wati 15. Kasi ya juu kabisa, zote ni 3.4GHz. Hadi hapo zinakaa mapacha. Lakini i7 yangu ina viini 2. i5 yake ina viini 4.

Kiini, kama hujawahi kukutana na hilo neno, ni ule ubongo wenyewe unaofanya hesabu. Prosesa ni nyumba. Viini ni wafanyakazi walio ndani. Yangu, na hiyo stika yake ya madaha, ilikuwa na wafanyakazi wawili.

Sasa hapa mtu wa shule ataniuliza: lakini zote ni wati 15, na viini vinne si vinagawana umeme uleule? Ndiyo, vinagawana. Na bado vinashinda. Fikiria chapati za sherehe. Shangazi wawili wakiambiwa wapike chapati mia moja kwa saa moja, watakimbia, watatoka jasho, na kuna mahali hata ukiwapigia kelele hawaendi zaidi. Shangazi wanne kwa kazi hiyohiyo kila mmoja anapika kwa raha. Prosesa iko hivyo, na ina ubaya mmoja zaidi: ukiilazimisha kiini kukimbia zaidi, lazima ukiongezee volti, na umeme kinaokula unapanda kwa kasi kuliko mwendo unaopata. Kile kipande cha mwisho cha mwendo ndicho ghali zaidi, na umeme huo wote unatoka ukiwa joto. Viini vinne kwa mwendo wa wastani hufanya kazi nyingi kwa wati zilezile kuliko viwili vinavyokimbia hadi ulimi nje.

Na mbona basi pale dukani zote zilionekana sawa? Hili ndilo swali lililonichukua siku nyingi. Kufungua Chrome, kufungua folda, kubonyeza hapa na pale, kazi kama hizo mara nyingi zinategemea kiini kimoja kikimbie haraka kwa sekunde mbili. Kiini kimoja changu na kiini kimoja cha binamu, zote 3.4GHz, hazina tofauti ya maana. Zaidi ya hayo, prosesa hizi zinaruhusiwa kupita zile wati 15 kwa muda mfupi zikiwa bado baridi, kisha zinarudi chini. Kwa hivyo lile jaribio ambalo sisi wote hufanya dukani, la "washa tuone", linapima sekunde ishirini za kwanza za ndoa. Mimi nilihitaji kujua dakika ya ishirini.

Ukitaka kujua vile jina i7 peke yake halina maana, hii hapa nyingine. Kizazi kilekile cha sita kuna i7-6700HQ. Hiyo ina viini 4, na imepangiwa wati 45. Ni i7, yangu ni i7, stika zinafanana. Moja ni lori na nyingine ni nduthi, na muuzaji akikwambia "ni i7 ya sixth gen" bado hajakwambia kitu. (Ile HQ nayo usiikimbilie. Wati 45 zinataka laptopu nene, feni kubwa, na betri ambayo itakuaga mapema siku stima imepotea.)

Kitu kingine kilichoniuma ni kujua kwamba kati ya 2015 na 2017 hakukuwa na maajabu makubwa ya kiwandani. Zote mbili zimetengenezwa kwa ile teknolojia Intel huita ya nanomita 14, moja ikiwa imeboreshwa kidogo. Walichofanya hasa ni kuongeza viini kutoka viwili hadi vinne kwenye laptopu za kawaida. Mwaka huohuo, Machi 2017, AMD walikuwa wametoka na Ryzen. Mimi sikuwa kwa mkutano wao, lakini ushindani ukirudi sokoni mnunuzi huanza kuongezewa nyama.

Turudi Kisauni kidogo, kuna jambo la joto sijamaliza. Nyumbani Nairobi baada ya fundi nilikuwa napata nyuzi 81. Mombasa, laptopu hiyohiyo, kazi hiyohiyo, ilikuwa inagonga 90. Nilifikiri imeharibika tena. Kumbe ni hesabu rahisi: feni haitengenezi baridi, inavuta tu hewa ya chumba na kuipitisha. Kama chumba kina nyuzi 31, kila kitu ndani kinaanzia juu. Kwa hivyo ukiona mzungu kwa YouTube anasema laptopu fulani "haipati moto", angalia amevaa nini. Akiwa amevaa sweta, hiyo habari yake. Wasee wa Pwani, na wa Kisumu pia, chukueni laptopu zenye mahali pazuri pa hewa, na hiyo kazi ya kuweka laptopu kwa kitanda juu ya blanketi tuache. Matundu ya hewa yako chini. Unaifunika pua.

Prosesa ikikaribia nyuzi 100 haisubiri iungue, inajipunguza mwendo yenyewe. Ndiyo maana joto na utendaji haziwezi kuzungumziwa kwa sentensi tofauti, hata kama dukani zinauzwa hivyo. Unalipia 3.4GHz, unapewa 2.1GHz saa nane usiku, na hakuna mtu wa kurudisha chenji.

Baada ya hapo nikawa mgonjwa wa kupima. Kila mtu aliyenikaribisha kwake mwaka 2025 aliombwa laptopu. Ule mradi wa dakika kumi nilikuwa natembea nao kwa flashi. Sio maabara, najua, msinitumie insha. Lakini picha iliyotoka iko wazi.

Rafiki wa darasa yuko na MacBook Air ya M1, ile ya mwisho wa 2020. Dakika 8. Na haina feni. Haina kabisa, nilitega sikio nikifikiri imeharibika. Viini vyake ni 8, vinne vya nguvu na vinne vidogo vya kuhifadhi umeme. Tukiimaliza ilikuwa na joto kidogo karibu na kibodi, basi. Kwa joto, hakuna mashindano, hiyo ndiyo mfalme. Lakini ya mtumba nilikuwa naulizwa Sh75,000 kwenda juu, na ile ya 8GB itabaki 8GB hadi kufa kwake, RAM yake haiongezwi. Hata SSD yake huwezi kubadilisha. Kama una hiyo pesa na hauchezi gemu, chukua, sitakusumbua. Wengi wenu mmeniandikia mkiwa na thelathini.

Halafu nikapima Ryzen 5 PRO 4650U ya jirani anayefanya kazi ya koda. Hii nayo ni ya 2020, wati 15 kama yangu, lakini ina viini 6 na imetengenezwa kwa nanomita 7. Dakika 9. Feni ilisikika, haikulia. Nikamwuliza alinunua pesa ngapi: Sh44,000, ya ex-UK. Wati zilezile 15, kazi zaidi ya mara tatu. Nilitembea kurudi nyumbani bila kusema kitu.

Kabla hamjakimbilia kila kitu kilichoandikwa Ryzen, huko pia kuna mitego. Ryzen 5 7520U na Ryzen 5 7530U zinakaa majirani wa mlango kwa mlango. Ya kwanza ina viini 4 vya muundo wa Zen 2. Ya pili ina viini 6 vya Zen 3. Zote zinaanza na 7, zote "Ryzen 5", na kwa bango la dukani zote zitaandikwa "7000 series". Tarakimu ya tatu ndiyo inasema ukweli, 2 ama 3. Ni nani alikaa kwa ofisi akaamua hivyo, sijui, lakini hatukumkosea kitu.

Na Intel za karibuni hesabu ya viini imebadilika tena. i5-1235U ina viini 10 kwa karatasi, lakini 2 ndivyo vikubwa, 8 ni vidogo. Bado ni nzuri, bado inashinda zile za kizazi cha nane mbali. Usifikiri tu ni mara tano ya yangu.

Sasa, bei. Ukiniambia una thelathini, sitakupa jina moja, nitakuuliza unafanya nini. Kama ni kuandika, Zoom, spredishiti na kuangalia series, hata viini viwili vitakubeba, na ni afadhali pesa iende kwa SSD na RAM. Lakini kama ni video, muziki, kukompaili programu, kitu chochote ambacho unabonyeza halafu unangoja, kila elfu moja weka kwa viini na kizazi, usiiweke kwa i7. Kuna na sababu ya pili ya kutoshuka chini ya kizazi cha nane kwa Intel: Windows 11 rasmi inaanzia hapo, na Windows 10 ilifika mwisho wa kusaidiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Za zamani unaweza kuziwekea Linux na zikaishi vizuri, nimefanya. Lakini kama shule yenu ina ile programu ya mtihani inayotaka Windows, utajikuta pabaya.

Ukienda dukani, beba flashi yenye Cinebench R23. Ni ya bure. Jaribio lake la kawaida linakimbia dakika 10 mfululizo, na HWiNFO ikiwa wazi kando utaona joto na mwendo kwa macho yako. Dakika mbili za kwanza puuza. Angalia dakika ya nane. Muuzaji atakukasirikia kidogo. Nunua soda, ukae.

Nimebakisha sehemu ambayo nilitaka kuiruka.

Agosti 2025 niliamua kuuza ile i7. Nikapiga picha safi, nikaandika: "Core i7, RAM 8GB, SSD 256GB, iko fiti, Sh24,000." Wasee, simu haikunyamaza. Kufikia jioni nilikuwa na watu kumi na kitu, wote wananiuliza iko wapi, wapi tukutane. Hakuna hata mmoja aliyeuliza namba. Mmoja alikuwa kijana wa mwaka wa kwanza, pesa ziko tayari, anataka kuanza kuhariri video. Akaniandikia, "Mathe amenitumia sahi. Hiyo i7 itanitosha kwa video?"

Nililitazama hilo swali muda mrefu. Sitajifanya malaika hapa: jibu la kwanza nililoandika lilikuwa "Ndio bro, i7 ni kali." Niliandika lote. Kidole kilikuwa juu ya kutuma. Na kitu cha ajabu ni kwamba ningekuwa sijadanganya zaidi ya vile mimi nilidanganywa. Sh24,000, deni langu la Ryzen lingekuwa nusu.

Nikafuta. Nikamwambia hapana, hii ni viini viwili, tafuta i5 ya kizazi cha nane ama Ryzen, nikamtumia namba za kutafuta. Akasema asante, akapotea. Kisha nikaenda nikabadilisha tangazo, nikaandika namba yote, i7-6600U, viini 2, 2015, haiingii Windows 11 rasmi. Simu ikanyamaza kama imezimwa. Ilikaa wiki tatu. Mwishowe ikachukuliwa na mama mmoja wa duka la nafaka anayetaka kuandika mauzo na madeni ya wateja, Sh15,000. Nilimweleza yote yaleyale. Akasema yeye hana haja na video, mradi iwake. Bado inawaka.

Mathe nilimwambia jioni hiyohiyo ya lile tangazo. Nilikuwa nimebeba hiyo siri mwaka mzima, kwamba ile "ya juu kabisa" haikuwa. Nikamweleza viini, vizazi, stika, kila kitu, hadi shangazi wa chapati. Alikuwa anakunja nguo za kesho. Akanisikiza hadi mwisho, kisha akaniambia furushi la mitumba pia huandikwa juu, na maandishi huwa mazuri siku zote, lakini ndani unaweza kupata kamera, zile safi kabisa za kuchaguliwa kwanza, ama upate matambara. Mtu wa Gikomba halipi maneno ya juu ya furushi.

"Sasa wewe," akasema, "ulilipa bila kufungua?"

Oktoba nilipoenda kununua ile Ryzen alisema tunaenda pamoja. Nikaona aibu kidogo, mtu mzima na mamake kwa duka la laptopu. Alikaa kwa kistuli mkoba ukiwa kwa magoti. Muuzaji akaanza, "Mama, hii ni mashine safi, imetoka UK juzi tu." Mathe akamwangalia vile huwaangalia watu wa furushi.

"Fungua kwanza tuone."

Tukaweka Cinebench, dakika kumi zikaisha, joto likakaa nyuzi 84 bila kupanda. Mimi nilikuwa nishatosheka. Yeye akaigeuza chini juu, akachungulia yale matundu ya hewa, akaweka kidole, kikatoka na vumbi. Akamwonyesha muuzaji kile kidole bila kusema kitu. Tulitoka hapo tumepunguziwa Sh2,500, na kwa matatu hakuacha kuniuliza hiyo Ryzen ni kizazi gani.